Ujumbe wa mwalimu: Usome kwa jicho la daktari

MUHULA wa tatu ndio mfupi zaidi katika kalenda ya shule zetu, majuma 9 au 10 hivi kuanzia mwishoni mwa Agosti, lakini ndio wenye pilkapilka nyingi kupita yote. Mwalimu ana mada za kukamilisha. Wanafunzi wa Gredi ya 6 wanajiandaa kwa tathmini ya KPSEA, madarasa mengine nayo yana tathmini zake, na mvua za vuli zi karibu kuanza. Ndipo jumbe kutoka shuleni huzidi. Kila Ijumaa mtoto huleta dayari yenye maandishi ya wino mwekundu, au simu ya mama hulia kwenye kundi la WhatsApp la darasa: mada za juma lijalo, kazi ya ziada ya Hisabati kutoka ukurasa huu hadi ule, leteni katoni na gundi, ambao hawajalipia ziara walipe kufikia Jumatano, na pale chini kabisa, sentensi moja au mbili kumhusu mtoto wako.

Wazazi wengi husoma upesi sehemu ya pesa na sehemu ya kazi ya ziada, wakatia sahihi na kuirudisha dayari mkobani. Ile sentensi ya chini huishia kuwa sababu ya kumkaripia mtoto. "Hayuko makini darasani." "Ni mvivu wa kunakili." "Analala wakati wa somo." "Hafuati maagizo." Mzazi akisoma hayo hupandwa na hasira, hasa akikumbuka karo aliyotoa mwezi uliopita.

Mimi hukaa upande wa pili wa meza, kliniki. Katika kazi hii nimewaona watoto wengi ambao maneno hayo hayo ndiyo yaliyokuwa dalili ya kwanza ya maradhi. Fikiria, msomaji. Daktari humwona mtoto wako kwa dakika 10 au 15. Mwalimu hukaa naye kutwa, siku 5 kwa juma, huku akimlinganisha na wenzake 30 au 40 wa umri ule ule. Hakuna mtu mwingine aliye na nafasi nzuri kama yake ya kutambua kwamba kuna kitu kimebadilika. Lakini mwalimu hakusomea utabibu, kwa hivyo huandika anachokiona kwa lugha aliyo nayo: uvivu, utundu, kutokuwa makini. Kazi ya kufasiri lugha hiyo ni ya mzazi na daktari wake.

"Ni mvivu wa kunakili"

Tuanze na macho kwa kuwa ndiyo tatizo la kawaida na ndilo rahisi kurekebisha. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Hajawahi kuwa na macho mengine ya kulinganisha nayo, hivyo hudhani kila mtu huuona ubao kama ukungu. Hatakuja kukwambia.

Mama mmoja aliniletea mvulana wa Gredi ya 4 akitaka nimwandikie dawa ya kuongeza kumbukumbu. Dayari ya muhula mzima ilisema mtoto hamalizi kunakili na huchungulia daftari la jirani yake. Ajabu ni kwamba maswali ya mdomo aliyajibu vyema. Nilimweka mita 6 kutoka kwa chati ya herufi na mstari wa tatu ukamshinda. Nilipouliza anakoketi darasani, nikaambiwa kwamba muhula wa pili alikuwa mbele, na muhula wa tatu darasa lilipopangwa upya akapelekwa nyuma kwa sababu ya urefu wake. Hakuna dawa ya kumbukumbu iliyohitajika. Ilihitajika miwani.

Kuna utafiti uliofanywa hapa kwetu ambao napenda kuutaja kwa wazazi kwa sababu unahusu jumbe kutoka shuleni. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, shule 50 za umma zilishirikishwa katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Walimu walifunzwa kupima macho ya wanafunzi. Katika nusu ya shule hizo walitumia njia ya kawaida, na mtoto aliyepatikana na tatizo alipewa barua ya kwenda hospitalini. Katika nusu nyingine walitumia programu ya simu ya Peek, ambapo mzazi alionyeshwa picha ya jinsi mtoto wake anavyoona, kisha akatumiwa jumbe fupi za kumkumbusha. Katika shule za barua ya kawaida ni asilimia 22 tu ya watoto waliofikishwa kwa daktari. Katika shule za Peek walikuwa asilimia 54. Kumbe shida si kwamba tatizo halionekani. Linaonekana, linaandikwa, kisha ujumbe unaishia mkobani.

Mzazi anaweza kumjaribu mtoto nyumbani. Mzibe jicho moja kwa kiganja bila kulifinya, mwambie asome tarehe za kalenda iliyo upande wa pili wa sebule, kisha umzibe la pili. Ukiona tofauti kati ya macho hayo mawili, au ukiona anakunja uso, anainamisha kichwa upande mmoja au anaisogelea televisheni hadi umfukuze, mpeleke apimwe. Usimnunulie matone ya macho dukani ukidhani yatamsaidia, kwani hayarekebishi umbo la jicho. Na lile wazo kwamba miwani huyaharibu macho ya mtoto na kuyafanya mavivu, ambalo nalisikia karibu kila mwezi, halina ukweli. Kinachoyadhuru macho ya mtoto mdogo ni kukosa miwani anapoihitaji, hasa pale jicho moja linapokuwa hafifu kuliko jingine.

Jambo jingine ni mwanga wa jua. Huko Guangzhou, nchini Uchina, watafiti waliongeza dakika 40 za kucheza nje kila siku ya masomo kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka 3, waliopata shida ya kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi, ilhali katika shule ambazo hazikuongeza muda huo walikaribia asilimia 40. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2015. Sasa tazama ratiba ya mtoto wa Nairobi: basi, darasa, basi, meza ya kulia chakula yenye vitabu. Ukimwona akicheza nje baada ya shule, tafadhali usimwite ndani upesi.

"Hafuati maagizo"

Mtoto anayeambiwa afungue ukurasa wa 34 akafungua wa 44, au anayengoja wenzake waanze ndipo aige, yamkini hasikii vizuri. Baada ya mafua ya mara kwa mara, maji mazito huweza kubaki nyuma ya kiwambo cha sikio kwa majuma kadhaa. Sikio haliumi, halitoi usaha, na mama hana habari. Mtoto husikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Hali hii ni ya kawaida kwa watoto wa chekechea na gredi za chini, na mara nyingi huisha yenyewe katika miezi 3, lakini isipoisha ni lazima mtaalamu wa masikio amwone. Wakati huo wa kungoja, dawa yake kubwa ni kiti cha mbele na mwalimu anayemtazama usoni anapozungumza. Mtoto anayeongeza sauti ya televisheni, anayejibu "eh?" kila mara, au aliyechelewa kutamka maneno, apimwe masikio kabla ya kuitwa mkaidi.

"Anaota mchana"

Hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu ni hali inayopotea machoni pa watu wengi, madaktari wakiwemo.

Kuna aina ya kifafa isiyomwangusha mtoto wala kumtoa povu. Katikati ya sentensi mtoto hunyamaza. Macho hukodoa, pengine kope zikapepesa, kalamu ikatulia juu ya karatasi. Baada ya sekunde 10 hivi anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, na ukimwuliza hajui lolote. Hali hii hujitokeza zaidi kati ya umri wa miaka 4 na 10, na inaweza kumpata mtoto mara kadhaa, hata mara nyingi mno, kwa siku moja. Mtoto kama huyo husikia nusu ya somo, kama anayesikiliza redio yenye mawimbi yanayokatika. Mwalimu huandika kwamba anaota mchana, na haongopi, ndivyo inavyoonekana.

Tofauti na kuota kwa kawaida ni hii: mtoto anayewaza tu, ukimgusa bega au kumwita jina hushtuka na kurudi. Mwenye kifafa hiki harudi hadi sekunde zake ziishe. Tena humjia hata akiwa katikati ya jambo analolipenda, akila au akicheza. Kliniki tunaweza kumwambia apulize karatasi kwa nguvu kwa dakika 3 hivi, na mara nyingi hali hiyo hujitokeza mbele yetu. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, huthibitisha. Dawa zipo, na wengi wa watoto hawa huachana na hali hiyo wanapobaleghe. Usiende kwanza kwa mtu wa kutoa mapepo. Kama nyumbani umeiona hali hiyo, irekodi kwa simu uje nayo. Video ya sekunde 15 hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

"Anaomba ruhusa ya kwenda msalani kila mara"

Sentensi hii ikitokea ghafla kwa mtoto ambaye hakuwa hivyo, usingoje Jumatatu. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo hutibika kwa urahisi. Lakini ikiwa pia anakunywa maji kupita kiasi, ameanza tena kukojoa kitandani, na sare inamlegea kwa kukonda, huenda ni kisukari cha utotoni. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni na majibu ni ya papo hapo. Apimwe siku hiyo hiyo. Nimewaona watoto wakifikishwa hospitalini wakitapika na kuhema kwa nguvu, huku siku mbili tatu zimepotea kwenye dawa za malaria na za tumbo, ilhali dayari ilikuwa imetaja habari ya msala majuma mawili nyuma. Kisukari cha aina hiyo hakingoji. Kinaua.

"Analala wakati wa somo"

Sasa tufike kwenye sentensi ninayoiona mara nyingi zaidi katika muhula huu, na ambayo sababu yake, mara nyingi, ni sisi wenyewe tulio watu wazima.

Chukua mtoto wa miaka 9 anayeishi Kitengela au Ruiru na kusomea mjini. Anaamshwa saa 10.30 alfajiri ili awahi basi la saa 11.15. Jioni, kutokana na msongamano wa magari, anafika nyumbani saa 11.30. Anaoga, anakunywa chai, anaanza kazi ya ziada saa 1 usiku. Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Sayansi. Saa 3 anakula akisinzia, saa 3.30 yuko kitandani. Hesabu mwenyewe: ni saa 7 za usingizi. Wataalamu wa usingizi nchini Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 katika kila saa 24. Huyu wetu anakosa saa 2 kila siku, hata tukichukua kile kiwango cha chini kabisa. Kufikia Ijumaa amekosa saa 10, yaani usiku mzima na zaidi. Kisha tunashangaa kwa nini analala kwenye somo la saa 8 mchana.

Mtoto aliyekosa usingizi si lazima asinzie. Wengine huwa watundu kupindukia, hupigana, hulia ovyo, hawatulii kitini. Mwalimu huandika "msumbufu". Kabla ya mzazi kutaka mtoto apimwe tatizo la utundu wa kupindukia, kwanza amlaze mapema kwa majuma mawili mfululizo, kisha amwulize mwalimu kama kuna mabadiliko.

Sheria iko upande wa mtoto. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa yaanze saa 2 asubuhi na kwisha saa 9.30 alasiri, ziwe za umma au za kibinafsi. Sijui ni mzazi gani wa mjini asiyejua shule ambayo watoto wake huwa darasani kabla ya saa 1. Na wazazi ndio mara nyingi husifu shule ya aina hiyo kwamba "inafanya kazi".

Hata hivyo, usingizi wa darasani si wa kuchelewa kulala tu. Mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, akinyamaza kidogo kisha akavuta pumzi kwa kishindo, pengine ana nyama zilizovimba nyuma ya pua au mafindofindo makubwa. Huyu hulala saa 10 na bado akaamka amechoka. Yuko pia mwenye upungufu wa damu: viganja na ndani ya kope vimepauka, anachoka akikimbia, wengine hata hula udongo au chaki. Apimwe damu, na apimwe minyoo. Aidha, chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya maharagwe na sukumawiki yasiingie mwilini inavyopasa. Chai isogezwe mbali na chakula.

Kazi ya ziada ni kiasi gani?

Swali hili huulizwa na wazazi kana kwamba daktari ana kipimo chake. Kwa upande wa siha jibu langu ni rahisi: ni ile inayokwisha kabla ya wakati wa kulala. Kwa upande wa masomo, profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alizipitia tafiti nyingi na kutoa taarifa yake mwaka 2006. Kwa wanafunzi wa sekondari alipata kwamba kazi ya ziada inaendana na alama bora. Kwa watoto wa shule za msingi uhusiano huo ulikuwa hafifu mno. Walimu wengi wa Marekani hufuata kanuni ya dakika 10 kwa kila gredi. Kwa hesabu hiyo Gredi ya 1 wana dakika 10, Gredi ya 4 wana 40, Gredi ya 6 wana saa moja. Kwa masomo yote, si kwa kila somo.

Tangu Mtaala wa Umilisi, yaani CBC, uingie, mzazi pia amepewa kazi yake. Nia yake ilikuwa njema: mtoto ajifunze kwa mikono, mzazi ashiriki. Lakini ujumbe ukiingia saa 2 usiku kwamba kesho kila mtoto alete kifaa alichokiunda kwa katoni, anayeunda ni nani? Nimemwona baba mmoja akikata katoni kwenye foleni ya kliniki yangu huku mtoto mwenye kazi hiyo amelala mapajani pake akiwa na homa. Mwingine anazunguka mtaani usiku akitafuta saiba ya kuchapisha picha. Nyumba nzima hupata shinikizo, sauti hupanda, na mtoto huanza kuhusisha kitabu na makelele.

Kuhusu jinsi ya kufanya kazi yenyewe, nitasema machache. Ale kwanza, acheze nusu saa, ndipo aketi. Taa iwe ya kutosha. Tokeni za stima zikiisha, kazi ingoje asubuhi kuliko kuifanya kwa mwanga wa mshumaa. Maswali yakitumwa kwenye simu, yanakili kwenye karatasi badala ya kumwachia mtoto kioo kidogo kinachowaka karibu na pua. Kila baada ya dakika 20 atazame mbali, nje ya dirisha. Simu na televisheni zizimwe angalau saa moja kabla ya kulala. Na mkoba wake uinue mwenyewe siku moja: ukizidi kilo 3 kwa mtoto wa kilo 25, ondoa vitabu vya masomo ambayo hayamo kwenye ratiba ya kesho.

Tumbo la Jumapili jioni

Kila daktari wa familia anamjua mtoto huyu. Ijumaa hadi Jumapili mchana ni mzima. Jioni ikiingia, mkoba ukifunguliwa na ukurasa mtupu wa kazi ya ziada ukaonekana, tumbo linaanza kuuma, karibu na kitovu. Jumatatu asubuhi anatapika chai. Akiruhusiwa kubaki nyumbani, kufikia saa 4 anacheza.

Wazazi wengi humwita mwongo. Si mwongo. Tumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa mingi ya fahamu, na hofu husababisha maumivu ya kweli kabisa. Swali ni hofu ya nini. Mwulize polepole, mkiwa wawili tu, labda mkitembea, si mkiwa mmeketi kama mahakamani. Huenda ni kazi asiyoielewa. Huenda ni mwenzake anayemnyang'anya chakula. Huenda anachapwa, jambo ambalo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imelipiga marufuku. Na wakati mwingine ni choo tu: choo cha shule ni kichafu au hakina mlango, mtoto anajizuia juma zima, haja inakuwa ngumu na tumbo linauma. Wa namna hiyo nimewatibu wengi kwa maji, matunda, dawa ya kulainisha choo na dakika 10 za kuketi msalani nyumbani kila baada ya chakula cha jioni.

Lakini kuna maumivu ya tumbo yasiyo ya hofu, na mzazi ayajue. Yale yanayomwamsha mtoto usiku. Yanayohamia upande wa kulia chini na kumfanya atembee ameinama. Yanayoandamana na homa, kutapika nyongo ya kijani, damu kwenye choo, au kupungua uzito. Hayo hayangoji siku yoyote ya juma.

Mzazi naye aandike

Dayari ina nafasi ya mzazi kuandika. Katika nyingi ninazoonyeshwa, nafasi hiyo ina sahihi tu. Habari husafiri upande mmoja, kutoka shuleni kuja nyumbani, ilhali kuna mambo ambayo mwalimu hawezi kuyajua asipoambiwa.

Kama mtoto ana pumu, mwalimu ajue mapema katika muhula huu, kwa sababu mvua na mafua ya Oktoba huiamsha. Ajue inhela iko wapi, itumiwe vipi, na kwamba haifungiwi kwenye kabati la ofisi ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda benki. Kama ana ugonjwa wa selimundu, ajue kwamba anahitaji maji mengi na sweta, na kwamba maumivu yake si hila. Kama ana kifafa, ajue la kufanya: amlaze kwa ubavu, asimtie kijiko mdomoni, ahesabu dakika, na zikizidi 5 apelekwe hospitalini. Kama mtoto amefiwa, au baba ameondoka nyumbani, sentensi moja yatosha.

Hayo yote yaandikwe kwenye dayari au kwa ujumbe wa faragha kwa mwalimu, si kwenye kundi la WhatsApp. Ugonjwa wa mtoto si habari ya wazazi 40. Nimesikia pia ya mwalimu kuandika kwenye kundi, "Mama Brian, mtoto wako amelala tena," na kufikia jioni Brian ana jina jipya darasani. Mzazi ana haki ya kumwomba mwalimu, kwa adabu, asifanye hivyo.

Zipo pia barua ambazo hutoka shuleni zikiwa na nembo ya serikali. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianzishwa nchini mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Msichana wa umri huo kwa kawaida yuko Gredi ya 4 au ya 5. Barua ya namna hiyo ikikutwa chini ya mkoba Desemba, ikiwa imelowa chai, ni nafasi iliyopotea, ingawa bado anaweza kupelekwa kwenye kituo cha afya cha karibu.

Wazazi wengine huniambia wanaogopa kumwandikia mwalimu kwamba kazi haikukamilika, mtoto asije akaadhibiwa. Uzoefu wangu ni kwamba walimu wengi hushukuru, kwa kuwa wao nao hawajui kazi waliyotoa inachukua muda gani ikifika nyumbani. Mzazi akikosa maneno, anaweza kuazima haya:

"Mwalimu, salamu. Jana alianza Hisabati saa 1 usiku. Kufikia saa 2 alikuwa amemaliza maswali 6 kati ya 15, macho yakafumba, nikamlaza. Kosa si lake, ni uamuzi wangu. Umeandika pia kwamba anakunja uso akisoma ubaoni. Jumamosi tutamwona daktari wa macho. Hadi wakati huo naomba aketi mbele. Tafadhali nijulishe Ijumaa kama umeona tofauti."

Ukija kliniki, njoo na dayari yenyewe, ya muhula huu na ya uliopita kama ungali nayo.